Mnara wa Mawe na Miti ya Wagenia



Watu husafiri mbali kuona kazi za wazee wa kale. Wengine hufika mpaka vilima vya Zimbabwe, kwenye mnara wa mawe wenye kimo cha karibu mita 10, uliopangwa jiwe juu ya jiwe bila udongo wa kuyashika. Mnara ungali umesimama, lakini mji wake ulihamwa zaidi ya miaka 500 iliyopita. Mawe yamebaki, wajenzi hawako.

Sisi wa Kisangani tunayo kazi ya wazee karibu na nyumba zetu. Pale Wagenia, kwenye la mwisho kati ya maporomoko 7 ya Boyoma, wavuvi husimika miti mirefu katika matundu ya mwamba, huifunga kwa kamba za porini, kisha hutundika mitego mikubwa kama vikapu. Maji yanashuka kwa nguvu, samaki anaingia.

Stanley alipopita hapa Januari 1877, watu wake walibeba mitumbwi msituni, maana mto uliwashinda. Wavuvi walikuwa kwao. Baadaye akaja Tippu Tip, aliyefanywa gavana mwaka 1887. Wakaja Wabelgiji, mji ukaitwa Stanleyville. Ikaja vita ya 1964, na Juni 2000 majeshi ya kigeni yalipigana siku 6 katikati yetu. Leo miti ingali mtoni.

Lakini mti haudumu kama jiwe. Huoza, na maji yakijaa huuvunja. Basi kwa nini kazi hii haikupotea? Ni kwa sababu baba alimpeleka mtoto mtoni, akamshikisha kamba.

Tusome Yoshua 4. Israeli walitoa mawe 12 katika Yordani, lakini Mungu hakutaka mawe peke yake. Alitaka mtoto aulize, na baba ajibu.

Wapendwa, tunajenga makanisa ya matofali, na ni vema. Lakini katika nyumba zetu, sisi wachungaji tukiwamo, kuna watoto wanaojua sauti ya mhubiri wa redio, wala hawajasikia baba yao akiomba. Tukiendelea hivyo, kuta zitabaki na waombaji hawatakuwako.

Jumapili hii, baada ya ibada, tuwachukue watoto wetu mpaka Wagenia. Wakiuliza habari za miti, tuwajibu. Kisha tuwaeleze mto ambao Mungu alituvusha sisi, na jioni tupige magoti pamoja nao.

Amina.