Okteti na Baiti: Istilahi za Kifaransa za Kuhifadhi Data na Safari Yake Kuelekea Kiingereza

Istilahi za kompyuta katika Kifaransa hazikukua kiholela, bali ziliundwa na wataalamu wa lugha na kulindwa na dola, na kwa sababu hiyo mfasiri anayezipeleka kwenye Kiingereza hukutana na mfumo wenye mantiki yake. Mwezi Aprili 1955, tawi la Ufaransa la kampuni ya IBM lilipokuwa likitafuta jina la mashine yake mpya, Jacques Perret, profesa wa filolojia ya Kilatini katika Sorbonne, alipendekeza "ordinateur", neno la kale lililomtaja Mungu kama mpangaji wa ulimwengu. Serikali nayo iliweka msingi wa tume za istilahi kwa amri ya Januari 1972, ikatangaza orodha rasmi ya msamiati wa kompyuta mwishoni mwa 1981, kisha ikapitisha sheria ya Toubon ya Agosti 1994 kuhusu matumizi ya Kifaransa.

Katika uhifadhi wa data, istilahi iliyo muhimu kuliko zote ni "octet", yaani okteti. Kiingereza husema "byte", au baiti, neno lililobuniwa mwaka 1956 na Werner Buchholz wakati wa kusanifu kompyuta ya IBM iitwayo Stretch. Awali baiti lilikuwa kundi la biti, yaani tarakimu za 0 na 1, ambalo ukubwa wake ulitofautiana kwa kufuata mashine, mpaka kompyuta za System/360 zilizotangazwa mwaka 1964 zilipoimarisha desturi ya biti 8. Okteti haina utata huo, kwa kuwa idadi ya 8 imo ndani ya jina lenyewe.

Tofauti hiyo huonekana pia katika alama. Mfaransa huandika "Go" kwa gigaokteti, na Kiingereza huandika "GB", ilhali "Gb" yenye b ndogo ni gigabiti. Mfasiri akiandika "16 Gb" mahali pa "16 Go", huwa amepunguza ukubwa wa kifaa mara 8, kwani gigabiti 16 ni sawa na gigabaiti 2 tu.

Neno "mémoire" linadai uangalifu wa aina nyingine, kwa sababu limebeba maana pana. "Mémoire vive", kumbukumbu hai, ndiyo RAM, ambayo kwa kawaida hupoteza data umeme unapokatika. "Mémoire morte", kumbukumbu mfu, ni ROM, ambayo data zake hudumu. Na "mémoire de masse" hujumuisha diski na kanda, vifaa ambavyo Kiingereza huviita "storage", si "memory". Hivyo nomino moja ya Kifaransa hugawanywa katika Kiingereza, na mfasiri huamua kwa kuangalia kazi ya kifaa.

Viambishi vya ukubwa vilipata ufafanuzi mwishoni mwa miaka ya 1990, pale Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme ilipotenga vya 1,000, kama cha Go, na vya 1,024, kama cha Gio. Kwa mujibu wa mpango huo, diski ya 500 Go ina takriban 465 Gio, ambazo kwa Kiingereza ni GiB, na kuzichanganya alama hizo ni kumpotosha msomaji kuhusu kitu anachokinunua.

Kwa hiyo okteti ya Kifaransa huweza kuitwa baiti kwa usalama, lakini si kila baiti la nyaraka za kale za Kiingereza ni okteti. Diski za mfumo wa kompyuta wa IBM uitwao RAMAC, wa mwaka 1956, zilihifadhi herufi milioni 5 zenye biti 6 za data kila moja, kiasi ambacho kwa okteti ni milioni 3.75. Mfasiri anayeijua historia hii huuliza kwanza hati iliandikwa lini na kwa mashine gani, ndipo abadilishe alama.