Uumbizaji wa namba (Dubai)

Uumbizaji wa namba ni namna programu ya kompyuta inavyogeuza namba iliyohifadhiwa kuwa maandishi ya kusomeka. Katika Python, maelekezo `,.2f` huifanya 1234567.5 isomeke 1,234,567.50: mkato hutenga maelfu, `.2` hutoa nafasi mbili za desimali.

Dubai, nafasi mbili zinatosha, maana dirhamu, iliyoanza kutumika 1973, ina filsi 100. Riali ya Omani ina baisa 1,000, kwa hiyo hudai tatu. Mfanyabiashara wa soko la Kariakoo, Tanzania, anayenunua bidhaa mtaa wa Deira, Dubai, hurudi kwenye shilingi, ambayo senti zake hazionekani tena dukani, na kwake `,.0f` ndiyo sahihi.

Shughuli huanza kwenye tarakimu za Kiarabu, ٠ hadi ٩, zenye alama yake ya desimali. Maandishi ya Kiarabu huanzia kulia, lakini namba husomwa kutoka kushoto; hapo ndipo ankara za lugha mbili huvurugika. Python huisoma `int("٤٥")` kuwa 45 bila kulalamika, ila umbizo la `f` haliandiki tarakimu hizo. Kazi hiyo huachiwa maktaba kama ICU.