Sehemu ya 4: Kidonge cha magoti na lawama aliyoibeba mama

Leo ni zamu ya salfasalazini, kile kidonge cha njano wanachopewa wenye baridi yabisi na wenye vidonda vya utumbo mpana.

Kuna dada hapa Kihesa ameniruhusu nisimulie bila jina. Miaka miwili ya ndoa, mimba hakuna, mawifi wameshaanza maneno. Mumewe anameza dawa hii kwa ajili ya magoti. Mume hakuulizwa chochote.

Basi sikia ilikotoka. Miaka ya 1930 kule Sweden, daktari Nanna Svartz aliamini baridi yabisi inaletwa na vijidudu. Huyu mama mwaka 1937 alikuwa mwanamke wa kwanza nchini kwao kuwa profesa katika chuo kikuu cha serikali. Akishirikiana na kampuni ya Pharmacia, akaunganisha salfa ya kuua vijidudu na dawa ya ukoo wa asprini ya kutuliza uvimbe. Hoja ya vijidudu haikusimama, ila dawa ilisaidia. Wenye kuharisha damu nao wakapata nafuu, na mwaka 1942 akaandika matokeo. Siri ni kwamba kidonge kikifika utumbo mpana, bakteria wa humo wanakikata vipande viwili, na dawa inafanya kazi palepale.

Mwaka 1979 madaktari wa Uingereza wakaripoti jambo jingine: kwa baadhi ya wanaume, dawa hii hupunguza mbegu na nguvu zake. Habari njema ni kwamba wakibadilishiwa dawa, kwa kawaida mbegu hurudi baada ya miezi miwili mitatu.

Umeona? Zaidi ya miaka 40 jambo linajulikana, na bado dada yetu kaitwa tasa! Mkapimwe wote wawili. Baba, usiache dawa kimyakimya; mwambie daktari mnatafuta mtoto.

Na wewe mjamzito unayeitumia, usiiache kwa ushauri wa jirani. Wengi huendelea nayo chini ya daktari, wakipewa foliki asidi, maana dawa hii huipunguza mwilini. Kliniki, kabla ya kumeza SP, taja dawa zako zote. SP nayo ina salfa. Kama iliwahi kukutoa vipele au vidonda mdomoni, sema mapema.

Yule dada na mumewe wameenda hospitali pamoja wiki hii. Tuwaombee. Na sisi mawifi, tupunguze maneno.