Waliotutangulia: Makaburi ya Kisauni na Historia Yetu



Katika miaka 50 ya kwaya hii tumeimba kwenye harusi, sikukuu za mavuno, ibada za kipaimara na mikutano ya injili. Lakini tukihesabu vizuri, mahali tulipoitwa mara nyingi zaidi ni makaburini. Tumeimba juani saa saba mchana. Tumeimba katika matope ya mwezi wa Mei. Tumeimba huku akina baba wa besi wakishika majembe, na wimbo ukabaki kwa akina mama peke yao hadi udongo ukaisha.

Kamati ya Yubilei ilipotuomba historia fupi ya kwaya kwa ajili ya kijitabu hiki, tulianza na orodha ya waanzilishi. Walikuwa 14. Wanane wameitwa na Bwana. Tukakubaliana kwamba kabla ya sherehe twende tukawasafishie makaburi yao na kuwawekea maua. Jumamosi moja asubuhi tukatoka na mafyekeo, mapanga na reki. Makaburi sita tuliyapata. Mawili hatukuyapata. Mama mmoja wa sauti ya pili alionyesha upande wa mwarobaini, mwenzake akaonyesha upande wa ukuta, na wote wawili walikuwepo wakiimba siku ya mazishi hayo. Misalaba ya mbao ilikuwa imeliwa na mchwa zamani.

Tulirudi nyumbani kimya. Kama sisi tuliowaimbia tumewapoteza wawili katika miaka 50, je, wale waliozikwa katika ardhi hii miaka 100 na zaidi iliyopita? Ndipo tukaona kwamba historia ya kwaya hii haiwezi kuanza siku kwaya ilipoanza. Yafaa ianze na waliolala, kwa sababu wao ndio walioleta hapa imani tunayoiimba, na hata lugha tunayoiimbia imepitia mikononi mwao.

KABURI LA MKOMANI

Zamani ng'ambo yote hii ya kaskazini mwa kisiwa, pamoja na Nyali, ilihesabiwa kuwa Kisauni. Hata eneo bunge la Nyali limekatwa kutoka Kisauni juzi tu, kwa uchaguzi wa mwaka 2013. Kwa hiyo kaburi la Mkomani ni letu pia.

Anayefika Mkomani, ufukoni mkabala na Mji wa Kale, atakuta mnara wa kumbukumbu ya Dkt. Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha CMS cha Uingereza. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Krapf ndiye aliyeuona Mlima Kenya mwaka 1849 na kuwaandikia Wazungu habari zake. Lakini Krapf hakuzikwa hapo. Alirudi kwao akafariki Korntal, Ujerumani, mwaka 1881. Waliozikwa Mkomani ni mke wake, Rosine, na mtoto wao mchanga.

Rosine alitoka Basel, Uswisi. Aliolewa na Krapf mwaka 1842 huko Alexandria, Misri, na wakaelekea Uhabeshi. Safari hiyo ilikuwa ngumu. Njiani, jangwani, Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, na mtoto huyo hakuishi. Walimpa jina Eneba, maana yake chozi. Uhabeshi ulipofungwa kwao, walishuka kwa jahazi hadi Unguja, ambako Sultani Seyyid Said aliwapokea vizuri na kumpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa watu wa pwani. Mwezi wa Mei mwaka 1844 wakaja kukaa Mombasa.

Tarehe 8 Juni Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Tunapenda kulitaja hili kila mara, kwamba kazi ya kuliandika Neno kwa lugha yetu ilianza kwa Mkristo na Mwislamu kukaa pamoja. Lakini mwanzoni mwa Julai homa iliingia nyumbani. Rosine alijifungua mtoto wa kike tarehe 6 Julai naye akiwa mgonjwa, na tarehe 13 akafariki. Mume alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo, hata kusimama ilikuwa shida. Siku chache baadaye mtoto naye akamfuata mama yake.

Mji wa Mombasa uko kisiwani, na Rosine angeweza kuzikwa huko. Lakini mwenyewe aliomba azikwe ng'ambo, bara, katika njia ya Wamijikenda wanaokwenda na kurudi mjini, ili kila apitaye aulize kaburi hili ni la nani na alikuja kutafuta nini. Krapf aliwaandikia rafiki zake Ulaya kwamba sasa kuna kaburi moja la mmishonari katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba kaburi hilo lisichukuliwe kuwa mwisho wa kazi, bali mwito wa kuianza.

Rosine alikaa Mombasa kama miezi miwili tu. Hakujenga shule wala kanisa. Hakuandika kitabu. Kilichobaki kwake ni kaburi, na kaburi hilo alilichagulia mahali mwenyewe.

FRERE TOWN

Makondakta wa matatu wanapoita "Kengeleni!" wanaita historia, ingawa wenyewe hawana habari. Kengele yenyewe ingalipo pale njia panda. Iliwekwa kuwaita watu wa Frere Town kwa sala, na pia kuwaonya wakati walipohofiwa wavamizi waliotaka kuwarudisha watu utumwani.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kusafirisha watumwa baharini. Lakini majahazi yaliendelea kuvuka usiku, na manowari za Kiingereza ziliendelea kuyakamata. Watu waliookolewa humo waende wapi? Makwao kulikuwa mbali, na njia ya kurudi ilikuwa ile ile ya waliowateka. Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuzungumza na Sultani, alishauri CMS wawatengenezee makao. Mchungaji William Salter Price akafika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874, akanunua ardhi huku Kisauni, na tangu mwaka 1875 makundi ya walioachwa huru yakaanza kushushwa. Mahali pakaitwa Frere Town.

Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na makabila mengine mengi. Wengine walikuwa watoto wadogo wasiokumbuka jina la kijiji chao. Hapa ndipo walipojifunza lugha moja, wakabatizwa, wakaoana, wakalima mashamba, wakajenga kanisa la Emmanuel. Na hapa ndipo walipozikwa. Mtu aliyechukuliwa kwao akiwa mtoto, akauzwa mara mbili tatu, akafungiwa ndani ya jahazi, hatimaye alilala katika udongo alioulima mwenyewe, na waliomzika walimwita ndugu. Kwa mtumwa hilo halikuwa jambo dogo. Wenzake waliokufa njiani waliachwa porini, na waliokufa baharini walitupwa majini.

Ndiyo maana tunasema makaburi ya Frere Town ni ya watu mashuhuri, hata pale ambapo hakuna jiwe.

MIKONO ILIYOBEBA

Pamoja na Price na watu wa manowari, kulikuwa na Waafrika waliofika hapa kwa njia ya India. Hao walikuwa wameokolewa utotoni, wakapelekwa Bombay, wakasomeshwa shule ya misheni huko Nasik. William Jones na Ishmael Semler walifika Rabai mwaka 1864, kabla Frere Town haijazaliwa. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa ushemasi, Waafrika wa kwanza kuwekewa mikono katika Kanisa la Kianglikana la nchi hii. Mwaka huo huo Jones alifuatana na Askofu katika safari ya kwenda Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones ndiye aliyekusanya mabaki ya msafara na kuwarejesha watu Rabai mapema mwaka 1886, mbele yao bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, yaani utukufu umeondoka.

Jones huyo huyo alikuwa Rabai watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walipokimbilia misheni. Wenye watumwa wakadai watu wao kwa vitisho, na wako wakubwa waliotaka watoro warudishwe. Jones aliwatetea. Mwisho wake Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ililipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 walikabidhiwa hati za uhuru pale Rabai.

Mwingine ni Matthew Wellington. Alikuwa miongoni mwa vijana wa Nasik waliotumwa kumsaidia Dkt. Livingstone. Livingstone alipofariki mwaka 1873, wao na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu miezi mingi hadi Bagamoyo, ukapelekwa Uingereza na kuzikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Wellington aliishi na kufanya kazi huku kwetu miaka mingi, akafariki Mombasa mwaka 1935 akiwa mzee sana.

Jiwe la Livingstone kule London linaitaja mikono mwaminifu iliyomleta, lakini halitaji ni mikono ya nani. Sisi wanakwaya tunaijua hali hiyo. Wimbo ukipendeza, hutajwa mwenye sauti ya peke yake. Wale 30 waliomshikilia kwa nyuma hawatajwi, wala hawanung'uniki. Lakini kwaya yenyewe haina ruhusa ya kuwasahau watu wake.

Mzaliwa mmoja wa Frere Town alilielewa hilo mapema. James Mbotela, mtoto wa baba aliyewahi kutekwa, aliandika kitabu Uhuru wa Watumwa kilichotoka mwaka 1934, akasimulia kukamatwa kwao, kuokolewa kwao na maisha yao hapa. Ni wa ukoo huo huo Leonard Mambo Mbotela, ambaye kila nyumba yenye redio ilimjua kwa kipindi cha Je, Huu Ni Ungwana? Kwa sababu mtoto aliandika, jina la mzee aliyekuwa mtumwa halikupotea.

TUNALOOMBA

Basi katika Yubilei hii kwaya imeamua mambo matatu, nasi tunaomba mkono wa kila mmoja.

Kwanza, tumefungua daftari la majina. Siku ya sherehe litakuwa mezani karibu na mlango wa kanisa. Kila familia iliyozika mtu katika makaburi yetu, awe mwanakwaya au la, tunaiomba iandike jina lake, mwaka aliofariki, na kaburi liko upande gani. Wazee wetu wasiojiweza kuandika watakaa na katibu, waseme tu, sisi tutaandika.

Pili, kila mwaka Jumamosi kabla ya Pasaka tutakwenda kufyeka na kufagia makaburini, kisha tutaimba. Tungependa pia watoto wa shule ya Jumapili wapelekwe Mkomani na Kengeleni, waelezwe papo hapo.

Tatu, sadaka ya pili ya siku ya Yubilei itanunua simiti na kokoto. Vijana wetu wa sauti ya tatu wamejitolea kumimina misalaba. Mchwa hawali simiti.

Kuhusu makaburi yetu mawili, tuna habari njema nusu. Baada ya tangazo la Jumapili, mzee mmoja aliyeshiriki kuchimba alitupeleka mwenyewe, akahesabu hatua kutoka kwenye mwarobaini, akagonga chini kwa fimbo. Tulipofyeka tukalipata tuta, na mawe manne ya pembeni. Mtoto wa marehemu aliitwa, akaja na kanga ya mama yake mabegani. Tulisimama pale tukaimba sauti zote nne.

La pili bado tunalitafuta. Aliyekuwepo siku ile na anakumbuka, tafadhali aje aseme nasi kabla hajaondoka.



Katibu, kwa niaba ya wanakwaya wote