Kabla ya Benga Kulikuwa na Mguu

Tarehe 17 Mei 2026 inatimia miaka 20 tangu Daniel Owino Misiani, bingwa wa benga, muziki wa magitaa wa Waluo, afariki katika ajali ya barabarani Kisumu. Tutasikia bendi yake, Shirati Jazz, kutwa nzima, kuanzia Migori hadi Mbita. Yatasifiwa magitaa yake na sauti yake, na utakumbukwa ujasiri wa kuimba mambo ya wakubwa hadi kukamatwa. Mimi naomba nafasi ya kuuzungumzia mguu.

Ni mguu wa kulia wa mzee aliyekaa kwenye kigoda kifupi kiitwacho orindi, nyatiti yake, kinanda cha nyuzi cha Waluo, ameilaza ubavu mbele yake. Kidole gumba cha mguu huo kimevikwa pete nene ya chuma, oduong'o. Kifundoni amefunga njuga, ambazo Waluo huziita gara. Mikono miwili inadonoa nyuzi 8 huku pete ikigonga mti wa ala yenyewe, na njuga zinaitikia kila pigo. Mtu huyo mmoja anaimba, anapiga nyuzi na anashika mwendo. Hamwiti mpiga ngoma.

Historia ya benga tunayoijua leo tunaidai kwa sehemu kubwa Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, waliotoa mwaka 2008 kazi iitwayo Retracing the Benga Rhythm. Kabla yao Washington Omondi, mmoja wa watu watano waliokabidhiwa kazi ya kutunga wimbo wa taifa wa Kenya, aliandika tasnifu ya udaktari kuhusu thum, muziki wa kinanda cha Waluo, katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1980. Nawaheshimu wote. Lakini simulizi inaposhuka hadi vijiweni na redioni hubaki sentensi moja: wapiga gitaa waliiga nyuzi za nyatiti. Nyuzi zimepewa haki yao, mguu umeachwa nje.

Kwa mpiga nyatiti, mguu haukuwa pambo. Ala hii tangu zamani hutengenezwa ili imfuate mwenye nayo. Mti huchongwa tumbo, huwambwa ngozi, na nyuzi hufungwa kwenye boriti ya juu kwa pete za kitambaa. Mpiga huzizungusha pete hizo mpaka sauti ikae anapotaka koo lake. Hakuna sauti moja ya wote. Mwenye sauti nene hushusha, mwenye nyembamba hupandisha. Chini, nyuzi hupita juu ya kipande cha tete kilichogandishwa kwa nta ya nyuki, na hapo ndipo unapotoka ule mvumo wa nyuki ambao gitaa halijaupata hadi leo. Zamani nyuzi zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Siku hizi ni nailoni, mshipi uleule wa kuvulia samaki ziwani. Vivyo hivyo pete: lazima ienee kidole cha mtu fulani, iwe nzito kiasi anachoweza kuinua usiku kucha wa matanga bila kukauka paja. Ukiazima nyatiti ya mwenzako utapata nyuzi, lakini pete utavaa yako.

Wapenzi wa kantri ya Marekani, ambao kwetu Nyanza si wachache, watalielewa jambo hili haraka. Gitaa lile linaloliza nyuzi kwa kuzivuta polepole ni la kulazwa, lenye pedeli chini. Mwaka 1953 mpiga gitaa Bud Isaacs alikanyaga pedeli huku nyuzi zikiendelea kulia, katika wimbo "Slowly" wa Webb Pierce, na wapiga wengine wakakimbilia karakana. Tangu wakati huo kila bingwa huingia chini ya gitaa lake na kuunganisha fito upya, pedeli hii ivute uzi huu, chuma cha goti kilegeze ule. Gitaa lenye shingo mbili, kila shingo nyuzi 10, linaweza kumshinda fundi mgeni kwa sababu tu limepangwa kwa miguu ya mtu mwingine. Kule mguu hugeuza sauti, kwetu hushika mwendo. Lakini mzee wa orindi angewaelewa.

Kisha ukaja ugomvi kati ya dini na nyatiti. Mwezi Novemba 1906 Arthur Carscallen na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Malawi ya leo, walifungua misheni ya Waadventista wa Sabato huko Gendia, karibu na Kendu Bay, katika kaunti ambayo sasa ni Homa Bay. Nyatiti ilikuwa ala ya matanga na ya pombe, ala ya pakruok, pale msikilizaji anapotoa fedha, anamsimamisha mpiga na kujisifu yeye na ukoo wake mbele ya watu. Muumini mpya hakuweza kukaa hapo Ijumaa usiku na kuingia kanisani Jumamosi asubuhi. Hivyo ala ikapoteza nyumba nyingi, na nyumba zilizopoteza ala ndizo zilizopata shule. Misiani mwenyewe, aliyezaliwa Nyamagongo, Shirati, upande wa Tanzania, mwaka 1940, alilelewa na wazazi waimbaji lakini washika dini, wasioutaka muziki wa dunia. Ugomvi huo wa nyumbani nadhani umeiumba benga kuliko tunavyokiri. Kijana aliyekatazwa nyatiti kwa kuwa ni ya mizimu alipata mwanya katika gitaa, kwa kuwa gitaa halikuwa na mizimu wala babu wa kulidai. Alilishika, na mikono ikapiga yaleyale.

Na mguu? Gitaa halina mahali pa kugongwa kwa kidole cha mguu. Kwanza chuma kilihamia kwenye chupa ya Fanta, iliyogongwa pembeni ya gitaa kavu kama walivyofanya mpiga gitaa George Mukabi na Waluhya wenzake. Halafu likaja gitaa la besi, likaanza kusukuma kwa mapigo mafupi yanayorudi palepale. Mwisho ikaja dramu. Tazama mpiga dramu wa benga amekaa: mguu wa kulia, juu ya pedeli, unapiga kila pigo bila kupumzika. Mimi naamini huo ni mguu uleule. Umevua pete, ukavaa kiatu.

Yaliyofuata yanajulikana. Shirati Jazz ilianza mwaka 1967. Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa santuri aliyekuja kuwa mbunge wa Homa Bay, aliusambaza muziki huu mbali kiasi kwamba Zimbabwe waliuita kanindo. Ayub Ogada aliirudisha nyatiti masikioni mwa dunia, hata ikasikika katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005. Baadaye ohangla, muziki mwingine wa Waluo, ikapata kinanda cha umeme, chenye mwendo uliorekodiwa tayari kiwandani.

Jambo moja linaniuma. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, Migori, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018, na ni haki yake. Ngoma ya isukuti ya majirani zetu Waisukha na Waidakho iliorodheshwa mwaka 2014. Nyatiti tunaipa dakika tano za kumpokea mgeni rasmi, kisha mzee anaambiwa apishe spika. Mara nyingi maikrofoni huelekezwa kwenye nyuzi na mdomo tu, chini hakuna kitu, na umati unasikia nusu ya ala.

Mwezi Mei magitaa yatakuwepo, sina shaka. Naomba waandaaji waweke pia orindi moja jukwaani, na maikrofoni moja sakafuni, karibu na kidole gumba.