Augustino, mapeasi, na swali la mwenzangu wa chumbani

Najua nimepotea, semina zilinibana, ila leo sina stori za foleni ya msosi. Mwenzangu wa chumbani karudi Jumapili kutoka kwao kumzika mdogo wake. Dogo alikuwa anatoka dukani, akagongwa na dereva mlevi. Usiku, taa tumeshazima, nikasikia: "Kaka, wewe si unasoma historia ya Kanisa? Hivi Mungu alishindwa nini kumzuia yule jamaa asishike usukani?"

Sikujibu. Kesho yake nikaingia maktaba.

Kumbe swali hili lilimtesa sana Mwafrika mwenzetu, Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, leo Souk Ahras nchini Algeria. Akiwa na miaka 16, yeye na wenzake waliiba mapeasi usiku. Njaa hawakuwa nayo, mengi waliwatupia nguruwe. Utasema, mapeasi tu jamani! Lakini alipoandika Maungamo yake, tayari ni askofu, bado yalikuwa yanamwasha. Alichokipenda siku ile hakikuwa tunda, kilikuwa ule uovu wenyewe.

Ujanani alikaa miaka kama tisa na wafuasi wa Mani. Hao walifundisha kwamba nuru na giza vinapigana tangu mwanzo, na ukitenda dhambi, ni lile giza lililomo ndani yako. Rahisi kweli! Kesi inafika mahakamani, mshtakiwa hayupo.

Alipowaacha akabatizwa Milano mwaka 387, kisha akaanza kuandika kitabu juu ya hiari, akakimalizia Hippo mnamo 395. Hoja yake ni kwamba ubaya si kitu kilichoumbwa, ni upungufu wa wema (mimi naufananisha na tundu kwenye shati). Mungu alimpa mtu hiari kwa sababu bila hiyo hakuna awezaye kuishi kwa haki, wala adhabu na thawabu zisingekuwa na maana. Akiitumia vibaya, lawama ni yake.

Nikamweleza mwenzangu. Akafikiri kidogo, akasema: "Sawa, hiari ya dereva imeheshimiwa. Na ya mdogo wangu je? Yeye alichagua kufika nyumbani."

Hapo nilikwama, wadau, na bado nimekwama.

Ajabu ni kwamba hata Augustino hakutulia na jibu lake. Huko Roma alikuwepo Pelagius, mtu wa Uingereza, aliyechoshwa na Wakristo wanaosingizia udhaifu. Kwake yeye, Mungu akiamuru jambo, maana yake unaliweza. Wagothi walipoiteka Roma mwaka 410, naye akapitia Afrika, na ugomvi ukawaka. Utamu wenyewe ni huu: Pelagius alipoandika kitabu chake juu ya maumbile ya mtu, alinukuu kile kitabu cha Augustino juu ya hiari kumtetea yeye mwenyewe! Mzee akajibu mwaka 415 kwamba hiari ipo, lakini imejeruhiwa, bila neema haisimami. Mwaka 418 maaskofu waliokutana Karthago wakayakataa mafundisho ya Pelagius. Mimi naona mzee alikuwa anayakumbuka mapeasi. Aliyewahi kupenda ubaya bure hawezi kuamini kwamba kujua jema kunatosha.

Baadaye aliandika pia kwamba Mungu aliona heri kutoa mema ndani ya mabaya kuliko kutoruhusu baya lolote. Hiyo sikumwambia mwenzangu. Huwezi kumwambia mtu hivyo wiki hiyo hiyo ya mazishi.

Nilimsimulia mwisho wake. Mwaka 430 Wavandali wameuzingira mji wa Hippo, Augustino anaumwa. Rafiki yake Possidius anasimulia kwamba aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani, akawa anazisoma kitandani huku analia, na hakutaka mtu aingie ila kwa saa za waganga na chakula. Akafa tarehe 28 Agosti, mji ukiwa bado umezingirwa.

"Alikuwa analilia nini?" akauliza.

Nikamwambia dhambi zake. Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani kalala. Kisha akaniomba nimwamshe saa kumi na mbili, ana kipindi asubuhi.