Sarafu Isiyo na Uso wa Mfalme

Msomaji, katika lugha yetu neno "fedha" lina maana mbili: ni madini meupe yang'aayo, na tena ni mali ya kununulia vitu. Zamani mambo hayo mawili yalikuwa karibu kitu kimoja, na mwenye kupiga chapa yake juu ya madini hayo ndiye aliyehesabiwa kuwa mtawala. Sikiliza basi habari za Gdańsk, mji wa biashara ulio kando ya Bahari ya Baltiki.

Mwaka 1454 wenyeji wake waliasi utawala wa watawa wapiganaji wa Kijerumani, wakajiweka chini ya mfalme wa Poland. Mwaka 1457 mfalme huyo, Kazimierz wa Nne, aliwaruhusu kupiga sarafu zao wenyewe, lakini kwa jina lake. Nafaka ya Poland ikateremshwa kwa mto Vistula hadi bandarini, na mji ukatajirika.

Mwaka 1576 Stefan Batory alitawazwa. Wafanyabiashara wa Gdańsk walikuwa wamempendelea mshindani wake, wakakataa kumtii Batory asipothibitisha kwanza haki zao. Mwaka uliofuata alikuja na jeshi, akauzingira mji.

Askari wa kukodiwa hawapigani bure. Hazina ilipopungua, wakuu wa mji walitwaa vyombo vya fedha vya makanisani, wakaviyeyusha, wakapiga sarafu. Lakini waweke uso wa nani? Batory walimkataa, na mfalme mwingine hawakuwa naye. Basi wakachora sura ya Kristo, na kuizunguka wakaandika maneno ya Kilatini ya kumwomba Mwokozi awalinde.

Mji haukutekwa, wala mfalme hakushindwa. Mnamo Desemba 1577 walipatana: mji ulimtambua Batory na kukubali kulipa zloti 200,000, naye akaziacha haki zao za zamani. Sarafu zilizofuata zilichukua uso wa Batory, bali zilipigwa na mafundi wa mji ule ule.

Ni nani basi aliyeshinda? Mfalme alipata heshima ya uso wake, na mji ukabaki na nyundo. Pima mwenyewe, msomaji, ni kipi kilichokuwa kizito zaidi.